Macho Yangu Mazima na CD Ishirini na Nane

Nilikosa. Sitafuti mtu wa kunitetea, na jina siliandiki. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, ukikohoa tu watu wanajua kifua ni cha nani, kwa hiyo wanaonijua watanijua, na wasionijua wachukue funzo bure.

Kosa langu lilianza na gemu. Ndiyo, gemu, zile za kwenye televisheni! Mimi, mwanaume mwenye watoto watano, shemasi kanisani, muuza samaki ninayeitwa mzee na watu walionizidi umri. Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka karibu mwaka mzima.

Kabla ya gemu, nikuambie kwanza mke wangu ni mtu wa namna gani, maana bila hiyo hutaona uchafu wangu wote. Tulipofika Uganda kutoka Kongo, upande wa Fizi, tulikaa majuma kadhaa pale Kabazana, fasi wanapoandikisha wageni. Waliotutangulia wakatufundisha: ongezeni watoto, semeni mko na saba, posho itaongezeka. Hata mtoto wa kuazima alikuwapo, amekwisha kuogeshwa!

Mama Neema alikataa. Alimwambia mwandishi, "Niko na batano. Wa sita alibaki kwa kaburi, na ule hakuli."

Mwandishi akaandika watano. Nilimnunia mke wangu siku mbili kwa ajili ya unga. Huyo ndiye mwanamke niliyekuja kumfanyia haya.

Sasa gemu. Nilikuwa nanunua samaki wa kukaushwa hapa ziwani na kuwapeleka Mbarara kila Jumanne. Wateja wangu wazuri walikuwa wake za askari, kwenye zile nyumba za kupanga nje ya geti la baraki ya jeshi. Mmoja wao mume wake alikuwa sajini, aliyerudi kutoka kazi ya nchi za nje na goti bovu. Wakubwa zake walimwambia akae nyumbani asubiri karatasi za kustaafu, na karatasi hizo zingechukua kama mwaka.

Sajini alirudi na lile goti, televisheni, mashine ya gemu, na mfuko wenye CD ishirini na nane. Huko alikokuwa, kila akipita sokoni alinunua moja, akasema nitaicheza nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Zilirundikana mpaka mfuko ukakataa kufungwa, na hakuna hata moja aliyoifikisha mwisho.

Jumanne hiyo nilimkuta mguu wake uko juu ya kreti ya soda, anapigana na joka kwenye televisheni. Joka lilikuwa linamuua tangu Jumamosi. Nilisimama mlangoni na kapu langu la samaki, nikaona anakosea. Nilishindwa kunyamaza. Wakati wa utoto, kule Uvira, kulikuwa na kibanda cha gemu njiani, na mimi nilikuwa natumwa chumvi asubuhi nikirudi nayo jioni.

Nilichukua padi ya kuchezea mkononi mwake, vidole vikinuka samaki, na lile joka nikaliangusha mara ya pili tu nilipojaribu. Sajini akanipigia saluti! Nami nikavimba. Tangu nikimbie nchi yangu hakuna mwenye cheo aliyekuwa amenipigia saluti.

Aliniambia, "Mukongo, mimi peke yangu siwezi maliza hii. Sasa ni operesheni. Mwaka moja, CD yote. Wewe na mimi."

Alipasua katoni ya sabuni, akachora mistari, akaandika namba moja mpaka ishirini na nane, akaining'iniza ukutani. Sheria zake zilikuwa za kijeshi. Hakuna kuanza CD mpya kabla ya kumaliza iliyopo. Kumaliza maana yake ni kuona yale majina ya watengenezaji yakipanda kwenye kioo. Hakuna kuruka, hata kama gemu ni mbaya. Mke wake alituletea matoke huku akiuliza kama jeshi linajua linamlipa nani.

Mwanzoni nilicheza saa mbili tatu, nikarudi kambini jioni ile ile. Gemu ya tano ilikuwa ndefu, nikarudi Jumatano. Gemu ya nane, ya mtu mwenye upanga aliyekuwa anatafuta dada yake nchi nzima, ilinirudisha nyumbani Alhamisi, macho mekundu, yanatoa machozi, nimekaa karibu na kile kioo siku mbili.

Mama Neema akanitazama mlangoni. "Baba Neema, macho yako iko nyekundu sana. Unaumwa?"

Ona sasa, sikuutafuta uongo. Aliuleta yeye kwenye sahani, mimi nikala tu! Nilisema ndiyo, yananiuma, na nimepita kule Ruharo kwenye hospitali ya macho, wamesema nirudi kila juma wayaangalie. Hata sikutoka jasho. Ningesema nimechelewa kwa sababu ya gemu ningegombezwa siku moja, yangekwisha.

Basi nikawa mgonjwa wa macho. Mama Neema alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe, na kila jioni alinikalisha kwenye kiti na kuniosha macho kwa kitambaa cheupe alichokuwa ameweka kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa. Alikuwa anapuliza taratibu. Na mimi nimekaa pale, kichwa nyuma, nafikiria namna ya kuvuka lile daraja la gemu ya tisa.

Alinishika mkono kwenda kanisani. Alinisomea Biblia, mimi niliyekuwa nasoma zile herufi ndogo za chini ya ukurasa! Siku moja tumekaa nje, nikaona mbuzi wa jirani kule mbali kabisa anaingia kwenye mihogo yetu, nikapiga kelele, "Fukuzeni ile mbuzi!" Mama Neema akageuka. Nikamwambia nimesikia kengele. Mbuzi hakuwa na kengele. Aliniamini.

Kanisani walinifungia maombi ya siku tatu. Watu walifunga kula kwa ajili ya macho yangu, na mimi sikufunga, maana nilikuwa Mbarara na matoke yalikuwa mazuri. Pasta akatoa ushuhuda kwamba anaona nuru inanirudia. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Lakini hilo la kanisa bado ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni shamba. Mama Neema alisema jua litaniharibia macho zaidi, kwa hiyo nisishike jembe. Akalima yeye. Sehemu yake na sehemu yangu, ule upande wa kwenda Ngarama wenye mawe, na mimba juu yake.

Na unajua juma hilo tulikuwa CD ya ngapi? Ya kumi na saba. Na unajua ilikuwa gemu ya nini? Ya kulima! Naapa. Kijana anarithi shamba la babu yake, anapalilia, anamwagilia, anavuna, anauza. Mimi nililikimbia jembe Nakivale nikapanda gari kwenda Mbarara kulima shamba la kwenye televisheni. Nilivuna mahindi mengi kiasi cha kumshangaza sajini. Yule mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, maana mimi sikuchangia chochote.

Miezi ikaenda. Katoni ukutani ilijaa alama. Tulikuwa kwenye CD ya ishirini na sita wakati majina yetu yalipobandikwa kwenye ubao pale ofisi ya wakimbizi. Tumeitwa intaviu ya kwenda ng'ambo! Mwenye kuishi kambini anajua maana yake. Watu wanasubiri ubao ule miaka kumi. Neema aliruka mpaka sandali ikakatika. Mama Neema alikaa chini akalia bila sauti, halafu akaenda kupika.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kila mtu hapa anajua kwamba mume na mke wanaulizwa kila mmoja peke yake, chumba chake, maswali yale yale. Kuna watu wanafanya mazoezi mwezi mzima, majina ya mashemeji, nani alizaliwa kabla ya nani, mlango wa nyumba ulikuwa wa rangi gani. Jirani alituuliza kama tumejiandaa. Mama Neema akamjibu kwamba ukweli hauna mazoezi. Nami nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa na safari ya Mbarara na ile CD ya ishirini na sita ilikuwa inanishinda.

Siku ilipofika, nilitangulia mimi. Alikuwapo dada mmoja na kompyuta yake, na mkalimani pembeni. Maswali ya vita nilijibu vizuri. Akauliza kuhusu afya. Kambini walikuwa wakisema dosie ya mgonjwa, yaani faili lake, inachelewa, wazima ndio wanatangulia. Kwa hiyo nilijinyoosha kwenye kiti nikasema mimi mzima kabisa, sina hata kikohozi. Akauliza kuhusu macho, kama anavyomuuliza kila mtu. Nilimsomea kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake, mpaka jina la duka la kuchapisha lililoandikwa chini kwa herufi ndogo! Nilitoka pale nikipiga mluzi.

Akaingia Mama Neema chumba cha pili. Alikaa muda mrefu. Halafu tukaitwa wote wawili.

Yule dada hakuwa mkali. Alisema kwamba mama ameeleza mume wake anapoteza macho, anatibiwa Ruharo kila juma tangu mwaka jana, na yeye ndiye anayemwosha na kulima peke yake. Baba amesema ni mzima na amesoma kalenda. Mmoja wenu, akasema, hasemi kweli, na hili lazima liandikwe.

Mama Neema hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinigeukia na ule uso wake wa kawaida, akasubiri nimsaidie. Labda alidhani nimeogopa kusema ugonjwa wangu mbele ya wageni.

Rafiki yangu, hapo ndipo nilipokosa. Yale mengine yote, gemu, Ruharo, maji ya chumvi, ni upuuzi ambao mtu anaweza kuomba msamaha akacheka. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, "Nimemdanganya mke wangu." Ilikuwa mdomoni. Niliogopa kwamba wataandika mimi ni mwongo na dosie itafungwa. Nikaimeza.

Nikasema, "Mke wangu ana mawazo mingi tangu vita. Bakimuuliza maswali, anachanganya mambo."

Mkalimani akatafsiri. Yule dada akaandika. Mama Neema alimuuliza mkalimani, kwa heshima, kama hayo maneno yameandikwa vile vile. Akaambiwa ndiyo. Akasema, "Haya," akafunga mtoto mgongoni, akasimama.

Tulirudi kwa miguu. Tukafika kwenye njia panda, pale unapoona maduka ya chini kwa mbali. Akasimama. Akanyoosha kidole kwenye kibao cha kinyozi mmoja, mbali sana, ng'ambo ya uwanja wa mpira.

"Soma ile."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilisoma. Kinyozi, wakubwa na watoto, tunachaji simu, Jumapili tumefunga.

"Na ya chini?"

"Mungu ni mwema," nikasoma.

Alitazama kibao, akakaza macho, akaniambia yeye haoni hata kama kuna maandishi. Halafu akatangulia kutembea. Jioni ile yale maji hayakuchemshwa, na kile kitambaa cheupe nilikiona kesho yake, amemfunga nacho mtoto.

Usinihurumie bado. Unajua nilifanya nini Jumanne iliyofuata? Nilienda Mbarara! Ndiyo! Bado mbili, nikajiambia, kazi ya mwaka mzima haiwezi kuachwa njiani. Tulimaliza ya ishirini na saba mchana. Majina yakapanda, sajini akatia alama kwenye katoni, akauliza kwa nini sifurahi. Nikamweleza yote, nikitegemea mwanaume mwenzangu atacheka.

Alizima mashine. Alikaa akisugua lile goti.

"Mimi nimeona watu wanaacha mwenzao kwa vita," akasema. "Lakini hao, risasi ilikuwa inawafuata. Wewe, nani alikuwa anakupiga?"

Nilisema kwamba nilikuwa nalinda safari ya watoto. Aliniambia watoto ni wa yule yule mama niliyemwita mwendawazimu. Halafu akainuka kwa shida, akachomoa ile katoni ukutani, akaikunja mara mbili, akasema operesheni imekwisha. "Kwenda ofisi. Kwenda sema. Ukirudi hapa bila kusema, mimi naambia geti wakukamate." Geti lisingeweza kunikamata kwa hilo, lakini sikubishana.

Nilienda. Nilipanga foleni siku mbili ndipo nikamwona yule dada. Nikamwambia kwamba mke wangu alisema kweli yote aliyokuwa anaijua, kwamba mwongo ni mimi, na kwamba Ruharo sijawahi kuingia hata getini. Aliniuliza nilikuwa wapi, basi, kila juma mwaka mzima. Nikasema nilikuwa nacheza gemu. Mkalimani aliniomba nirudie. Alidhani amesikia vibaya!

Yule dada aliandika kila kitu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mzee, sasa tuamini maneno ya siku gani?" Karatasi ya pili ikawekwa juu ya ile ya kwanza. Ile ya kwanza haikutolewa. Kwenye dosie hakuna kufuta, kuna kuongeza tu.

Dosie yetu ipo mpaka leo, wanasema inaangaliwa. Familia tuliyopanda nayo lori moja kutoka mpakani imekwisha kuondoka. Walituachia sufuria mbili na jogoo. Neema aliwasindikiza mpaka kwenye basi, akarudi, akaniuliza kama macho yangu ndiyo yametuzuia. Nikamwambia hapana, ni mdomo wangu.

Na maneno ya kambini yana miguu. Kabla sijaenda kujisema, wanawake wa kikundi cha maombi walikuwa wamekwisha kusikia kwamba Mama Neema ameongopa ofisini. Yeye, wa Kabazana, wa watoto watano! Alikuwa kiongozi wao. Aliwarudishia daftari na ufunguo wa sanduku la vikombe, akawa anakaa benchi la nyuma. Nilisimama kanisani Jumapili nikaungama mbele ya watu wote, nikavuliwa ushemasi, sawa kabisa. Ila pasta alishikilia kwamba macho yangu yaliponywa na maombi, kwa kuwa kabla ya maombi yalikuwa mekundu na sasa ni meupe. Nilichoka hata kubishana.

Walimwomba Mama Neema apokee tena daftari lake. Hakulichukua.

Hajaniacha. Anapika, ananiita Baba Neema, tunacheka siku moja moja. Nimerudi shambani, nalima sehemu yangu na yake, ule upande wa mawe naujua jiwe kwa jiwe. Sajini alipata karatasi zake akahamia kijijini kwao na mfuko wake. CD ya ishirini na nane mpaka leo sijui ilikuwa gemu ya nini.

Juzi nilikuwa natoka ziwani, nikaona mvua inashuka mlimani, nyeupe, inakuja kwa kasi. Maharagwe yetu ya msimu mzima yalikuwa yameanikwa kwenye turubai uani. Nikakimbia nikapiga kelele tangu mbali, "Mama Neema! Anua maharagwe! Mvua!"

Alikuwa mlangoni, anachambua mchele. Alinisikia. Alimwambia mmoja wa watoto, bila hasira yoyote, "Enda nyuma ya nyumba uangalie kama ni kweli."

Mtoto alizunguka nyumba akaangalia. Alipopiga kelele kwamba ni kweli, matone yalikuwa yamekwisha kuanza. Maharagwe yaliloa.

Basi wewe unayenisoma, cheza gemu zako, zimalize zote, sina ugomvi na gemu. Lakini kama nyumbani kwako bado kuna mtu anayeanua maharagwe kwa neno lako tu, bila kumtuma mtoto aangalie, mtunze huyo. Mimi wangu nilikuwa naye.